Kinachobaki

Tunje wa Pola alinunua kambare watatu,
akakataa niwatumbue, akakataa chumvi,
akawalaza kwenye kisanduku cha barafu
mmoja mmoja, kama watoto wa mtu.
Utawala lini? nikamwuliza.
Hawa, mama, si wa kuliwa. Ni wa kusomwa.

Miaka kumi na tisa nakaanga hapa,
ng'ambo ya daraja, upande wa Mambrui,
na samaki namsoma kwa pua na kidole:
jicho likiwa angavu, shavu likiwa jekundu,
mnofu ukiubonyeza unarudi, huyo hana neno.
Samaki mmoja akioza wote wameoza,
walisema wahenga, na kwa uozo walikuwa sahihi.
Uozo una adabu zake, hutanguliza hodi.

Wiki ya sita akarudi na karatasi.
Risasi, akasoma.
Nikawaza ubavu wa samaki, nikatafuta tundu.
Si ile ya bunduki, mama. Ya madini.
Zebaki, akasoma.
Nikasikia Sabaki, nikasema naam, ndipo tulipo.
Ze-ba-ki, akarudia polepole,
na ulimi wangu ukayafunga pamoja maneno hayo mawili,
mpaka leo sijapata kuyafungua.

Akachora vumbini kwa kijiti cha mshikaki:
mto unateremka toka bara,
umepita viwanda, umepita karakana na majaa,
kila mji unachota maji na kurudisha yake.
Udongo tunauona, masika bahari ya Malindi
hugeuka chai ya maziwa. Hiki hakionekani.
Kinalala topeni. Kijidudu anakula tope,
perege anakula vijidudu elfu,
kambare anakula perege, na anaishi miaka.
Haya, mama, hayakojolewi.
Kinachoingia hubaki.
Mnofu una afadhali. Matamvua yamezidi.
Ini ndilo ghala.

Nikakaa juu ya ndoo.

Maana ini siliuzi.
Ini la kambare, laini, la kupitishwa tu kwenye mafuta
kwa muda wa kupiga chafya mbili, kisha ndimu,
namtengea Nyevu, mke wa mwanangu,
tangu mimba ilipoanza kumtapisha.
Kula, nilimwambia, linaongeza damu.
Akala. Akalamba na vidole.

Tunje alikuwa bado anasema:
sampuli ni tatu, tatu hazitoshi kutoa kauli,
wataalamu watakaa, usiogope bado.
Nami nilikuwa nahesabu kwa vidole vyangu
miezi minne, ini kila siku ya soko.

Usiku nikawalaani watu wa juu,
wenye mabomba, wenye moshi, nisiowajua majina.
Laana ilikwenda vizuri
hadi nilipofika nyuma ya jiko.
Kopo lile bado lipo, limeungua, limekaa upande.
Marehemu Baya alivunjia hapo betri za magari,
akaziyeyusha, akamimina kwenye vishimo vya mchanga,
chubwi za nyavu, shilingi tano tano,
mwanangu akipuliza moto kwa mashavu yake mawili.
Mvua ilipita hapa kila mwaka.
Na mvua ya hapa inajua njia moja tu ya kwenda.
Nyavu ngapi zilikatika? Chubwi zake ziko wapi?
Sikuwahi kuuliza. Zilikuwa nzito, zilizama,
ndiyo kazi tuliyozinunulia.

Leo nimekaanga kama jana.
Ada ya shule haisomi karatasi.
Maini nimeyafukia chini ya mgomba,
kisha nikautazama mgomba.

Nyevu akaja na sahani yake ya bati.
Mama, ini?
Nikasema paka amelichukua.
Paka alikuwa pale pale mlangoni,
tumbo limemshuka, chuchu zimevimba,
anangoja fungu lake alilolizoea.