Farasi wa Buluu

Leo asubuhi pioni zimechanua
ukutani, nyuma ya pipa la maji ya mvua.
Pioni: binamu mnene wa waridi,
asiye na miiba wala haya,
kichwa kizito hata shingo haikimudu.
Sisimizi bado wanazunguka vitumba viwili vilivyochelewa.
Niliinama na mkasi, mgongo ukagoma,
nikabaki hapo nimepinda kama ndoana,
na sikio likasikia:
"Rangi gani, Norma? Niambie, rangi gani?"

Bibi yangu Keziah.
Amekufa tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Siku ile mvua iliinyeshea Oldham tangu alfajiri,
na London pia, walisema, ilikuwa haibagui taji.
Watu ishirini na watatu katika sebule ya Bi Edna Clegg,
mapazia yamefungwa mchana kweupe,
wazee vitini, watoto zuliani,
makoti yaliyolowa yakinuka kondoo.
Televisheni ilikuwa kabati zima la mbao
lenye kidirisha kisichozidi sinia ya chai.
Edna alikuwa bado anailipia, kila Ijumaa, kidogo kidogo,
na siku ile malkia walikuwa wawili:
mmoja kwenye kioo, mwingine akigawa sandwichi.

Bibi aliketishwa mbele kabisa, heshima ya bure:
mtoto wa jicho alikwisha mfungia madirisha yote mawili.
Aliona mwanga unaocheza, basi.
Mimi nilikuwa macho yake
kwa malipo ya peremende.

Na mimi niliona nini? Kijivu.
Farasi kijivu, gari la kifalme kijivu,
askari kijivu mstari kwa mstari,
na chengachenga zikiwadondokea wote kama majivu.
"Joho lake rangi gani?"
Mwanamke aliyefuma vitambaa miaka arobaini,
aliyejua nyekundu kumi na mbili, kila moja kwa jina lake,
nimpe kijivu, siku kama hiyo?

Kwenye upenyo wa pazia niliiona bustani ya Edna,
hatua tatu kwa nne, imelowa chapachapa.
"Jekundu, bibi. Kama pioni za kando ya choo."
"Ahaa. Na askari?"
"Zambarau ya irisi."
"Na farasi?"
Ulimi haukuwa na breki: "Buluu. Buluu ya lupini."
Mtu akaguna gizani. Edna akakohoa.
Bibi akanifinya kiganja.
"Farasi wa buluu," akasema taratibu. "Makubwa."

Miaka mingi baadaye, kwa daktari wa meno,
nikakuta gazeti la zamani lenye picha za rangi.
Nilikuwa nimekosea karibu kila kitu.
Nikalifunga kwa hasira, kana kwamba wao ndio waliokosea.

Lakini kuna jambo limenijia leo tu, nimepinda hivi:
babu alikuwa mchukuzi wa makaa ya mawe,
na bibi alilisha, akapiga brashi, akamzika
farasi mmoja baada ya mwingine.
Alijua.
Alijua, na bado akaniuliza rangi ya mabehewa,
ya glavu, ya manyoya kofiani,
hadi maua ya Edna yakaniishia
nikaanza kuazima ya jirani.

Nimekata matatu. Vitumba nimewaachia sisimizi.
Jekundu, bibi.
Ila chini, karibu na kikonyo,
kuna weupe kidogo
ambao siku ile sikukutajia.