Barafu Chini, Barafu Ndani

Shaame, picha yako imefika.
Nimeikuza kwa vidole viwili mpaka ikawa ukungu:
kibanda cha mbao, mlango mwekundu,
kimesimama juu ya ziwa lililoganda,
nawe mlangoni, umevaa kama godoro.
Unasema sakafuni pana tundu
na samaki hupanda humo mmoja mmoja
kama wazee siku ya pensheni.

Basi na mimi nimejenga.

Ng'ambo ya Tumbe, kwenye ulimi wa mchanga,
pale tulipokuwa tukichokoa pweza na mama,
jua linatupiga, hatuna pa kutia kichwa.
Bamvua mbili nilitazama tu.
Maji yalipoishia nikachomeka kijiti,
nikakifunga uzi.
Hatua saba juu ya uzi, nikachimba shimo la kwanza.
Vuai akapita na boti, akapunguza mashine:
"Mwanamke, unamjengea nani?"
"Mgongo wangu."

Nguzo nne za mkandaa, kwa kibali;
risiti ninayo, nimeikunja ndani ya kopo la chai.
Msumari sikutia hata mmoja.
Chumvi ya huku hula chuma kama mtoto alavyo kashata.
Nimefunga kwa kamba ya usumba
niliyoisokota pajani masika mazima
mpaka paja likaota sugu.
Urefu: mimi nikilala, na shubiri moja ya kujinyoosha.
Upana: mimi nikigeuka, na ndoo.
Kwenda juu sikupima. Ukisimama utajigonga,
basi usisimame.

Makuti hayakutosha.
Upande wa kusi nimeziba kwa turubai la kampeni,
nusu ya uso wa mgombea imetazama ndani.
Ananiangalia nikipika, hasemi kitu.
Alishasema mengi.

Seredani nimeiweka mlangoni, moshi upate njia.
Mchele umo chupani, panya wanausikia tu.
Taa ya sola huwaka ikitaka.
Mchokoo wa mama nimeupachika juu, kwenye pao,
pale jicho linapofunguka alfajiri.

Na friji, Shaame.
Lile ulilotununulia, likafa mwaka wa kwanza
kwa umeme wa kuja na kuondoka.
Miaka sita lilikuwa kabati la khanga.
Tumelibeba watu wanne, tukavuka maji yakiwa kiunoni,
watoto wanatuimbia kama tunakwenda kuzika.
Nimelilaza chali, mlango juu,
chini maranda ya seremala, juu ya maranda gunia,
juu ya gunia pande la barafu kutoka Wete
lililonilowesha mapaja njia nzima.

Siku ya kwanza lina ukubwa wa mto wa kulalia.
Siku ya pili, mkate wa kumimina.
Siku ya tatu, sabuni.
Ya nne nanawia uso.

Lakini siku tatu, kaka!
Unamkumbuka Mbwana mchuuzi,
anavyokuja saa sita, jua la utosi,
anakutajia bei huku akihesabu nzi?
Juzi alikuja. Akataja bei yake.
Nikafunua mlango wa friji kidogo,
moshi wa baridi ukamgusa ndevu,
nikafunga.
"Bei hiyo lala nayo, uje nayo kesho."
Akasimama pale kwa haraka akajigonga kichwa.

Wewe umekaa juu ya barafu, unaomba isiyeyuke.
Mimi nimeikalia pembeni, naomba hilo hilo.
Mama angetucheka sote wawili.

Tundu lako liko sakafuni.
Langu liko paani, makuti yalipokoma.
Usiku wa jana nyota moja ilipita humo
polepole, nene, nami sina ndoana.

Hicho kiti ulichokalia,
ni cha kukunja?
Nipimie miguu yake. Fundi hapa anaweza.