Ngeli

Balo la mitumba hufunguliwa Sabasaba saa moja asubuhi,
na kabla ya makoti, kabla ya mapazia,
Chilewa hunitengea kando vile vya chini kabisa:
mguu mmoja wa plastiki, kichwa chenye nywele kama katani,
siku nyingine mzima mzima, na kiatu.
"Dada wa Ardhi," huniita, "leo kuna wako."
Simwombi apunguze. Nalipia na kunyamaza kwake.

Nina miaka arobaini na tisa.
Nina mihuri mitatu mezani, na watu wazima
husimama dirishani kwangu wakibembeleza hati za viwanja.
Nina kijana yuko Singida, anauza mafuta ya alizeti,
na binti aliyeolewa Kibaigwa.
Nayasema haya mapema
kwa sababu shangazi Nyamwaji ameshawaambia wa kanisani
kwamba nalea plastiki kwa kukosa wa kulea,
na mchungaji akaja na chupa ndogo ya mafuta,
akapaka mlango, akapaka kabati,
akamgusa kidogo yule wa gauni la kijani,
akafuta kidole kwenye suruali.

Kaka Mheluka hakuja na mafuta. Alikuja na sarufi.
Anafundisha Kiswahili Bahi; hata salamu huisahihisha.
Nilisema, "Hawa niliwapata mwezi wa saba, wakati wa upepo."
Akaweka kikombe chini.
"Hii. Niliipata. Mdoli, midoli.
Ngeli ya mti, ngeli ya mkeka.
Ukianza na hawa, kesho utawapikia ugali."
Wote wakacheka. Nami nikacheka, nikawaongezea chai,
nikaimeza ile hawa
kama mbegu ya zabibu.

Wanataka kidonda. Wanataka niseme
utotoni nilinyimwa.
Na kweli mdoli wangu wa kwanza ulikuwa gunzi
lililofungwa kipande cha kaniki,
mbuzi akalila,
lakini sikulia. Nilichukua gunzi jingine.
Sina kidonda, ndugu zangu. Napenda tu
kulainisha bega kwa maji ya moto
na kuurudisha mkono mahali pake,
ule mlio mdogo, tk, bega likiitika.
Napenda kufuta vumbi jekundu la mji huu
kwenye masikio yasiyosikia neno.

Mwezi wa tisa mama alikuja kutoka Mpwapwa
kufuatilia mirathi ya baba, faili lililopotea mara ya tatu.
Chumba cha wageni ndicho chumba chao.
"Silali mbele ya macho hayo," alisema.
"Yafunike. Nikiondoka uyachome,
usingoje nife ndiyo upate akili."
Nikatandaza shuka juu ya rafu zote tatu.
Akauliza iko mingapi.
Nikasema arobaini.
Akasonya, ule msonyo mrefu wa kwao
unaoanza leo na kuishia kesho.

Usiku umeme ulikatika.
Nilisikia kitanda kikilalamika ng'ambo ya ukuta,
nikaona tochi ya simu yake ikipita chini ya mlango,
kisha kimya, muda mrefu,
kisha sauti ile anayohesabia kuku jioni,
kwa Kigogo, polepole,
akirudia pale alipopotea.

Asubuhi shuka lilikuwa limenyooka
kuliko nilivyolitandaza.
Mama alikunywa uji, akafunga kilemba,
akalalamikia sukari, akalalamikia nauli ya bajaji,
akaniambia tena nichome,
tena leo, kabla upepo haujachachamaa.
Alipofika mlangoni, mkoba begani, akasimama.
"Wako arobaini na mmoja," alisema.
"Yule wa nyuma kabisa, asiye na jicho,
hukumtaja."