Sehemu Tatu kwa Elfu

Fomu ina kurasa kumi na nne.
Wa kwanza wataka jina langu, la baba, la babu:
Thuraya binti Sleyum bin Muhenna.
Wa pili wataka jina la mmea,
na hapo karani, kijana wa Barka
mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakata,
akashusha sauti kama anayetaja maradhi ya mtu.

Kwa Kiarabu chao neno ni moja, kamba na ulevi.
Nikamgeuzia Kiswahili, maana nilishamsikia
akimwambia mamake kwenye simu, "Nakuja, usinipakulie."
Mwanangu, kwetu maneno ni mawili.
Bangi ni bangi. Katani ni katani.
Moja yakutoa akili, ya pili yafunga ng'ombe.
Akacheka, akaiona kamera ya darini,
akaacha kucheka.

Ua wa waya, mita mbili na nusu.
Si karibu na skuli.
Mbegu zije na muhuri, zipimwe kama dhahabu.
Bua lisitoke shambani bila karatasi,
karatasi isitoke ofisini bila ada,
ada haipokewi Alhamisi baada ya adhuhuri.
Mlinzi awe na cheti cha tabia njema.
Na mimi pia, na miaka yangu sitini na minane.
Polisi wakauliza: tabia njema tangu lini?

Sikuwaambia habari ya roda.
Nimezaliwa Wete; babu sikumkuta.
Nilikuta kisima kimefukiwa, na gurudumu la mti
lililokuwa likivuta maji kwa fahali,
na katikati yake mfereji
ulioliwa na kamba miaka arubaini.
Nailoni nimeijaribu. Inateleza.
Mfereji unaijua kamba yake.

Tulipanda Novemba, vipande vitano.
Machi joto likaja kabla ya siku zake.
Mkaguzi akakata vichwa kwa mkasi mdogo,
akavitia mfukoni mmoja mmoja,
akaandika saa na dakika.

Jawabu: tatu na nukta nne.
Sheria: tatu.
Nikauliza, jua nalo lina leseni?
Karani akapekua kurasa zote, kwa adabu,
akasema hapana kisanduku cha swali hilo.

Basi likaja trekta.
Mashahidi wawili wakatia saini juu ya boneti ya gari,
mabua yakalazwa, yakamwagiwa chokaa,
na harufu yake ilikuwa ya majani tu,
majani mabichi, ya mvua ya Pemba.
Sikulia. Nilikuwa nimeshika kalamu yao.

Kijana alibaki nyuma.
Aliiokota roda barazani,
akapitisha kidole gumba ndani ya mfereji,
akazunguka nao wote, polepole,
mpaka akarudi alipoanzia.
"Mama," akasema, "msimu ujao
fomu itakuwa na kurasa kumi na sita."

Nimeshanunua wino.