Ukiachia, Inazima

Asubuhi ya tatu ya barafu, nje kidogo ya Gaiman,
upepo unagonga mlango wa banda kama mdai,
na Ford ya mwaka wa sabini na nne,
ubavu mmoja rangi ya maziwa, ubavu wa pili kutu,
inanijibu: ta.
Nageuza ufunguo tena.
Ta.

Bomba la malisho ya juu limeganda.
Kondoo mia na arobaini wananisubiri huko,
na pipa la maji liko nyuma, limejaa, haliendi popote.

Betri haina kosa. Kipimo kinasema kumi na mbili nukta sita,
na taa za mbele zinamulika ukuta
hata misumari naihesabu.
Basi nafanya alivyonifunza baba:
usimkamate mwizi kabla hujahesabu mifugo.
Waya mnene wa chanya: mzima.
Waya wa ardhi...
hapo. Umefungwa boliti kwenye chesisi
juu ya rangi, juu ya tope, juu ya kutu,
umebanwa lakini haugusi chuma,
kama watu wa nyumba moja wanaosalimiana kupitia mbwa.
Msasa. Mate. Msasa tena.

Nageuza. Starta inazunguka, injini inakohoa, inashika!
Nacheka peke yangu.
Naachia ufunguo.

Kimya.

Nashika, inaunguruma. Naachia, inakufa.
Mara tano hivyo.
Nerys, mwanangu, miaka kumi na miwili,
koti juu ya nguo za kulalia, amesimama mlangoni.
"Basi usiachie," anasema.

Ningeweza kumweleza kwamba ufunguo una vituo viwili:
cha kuwashia, kinachorusha umeme wote kwenye koili kwa njia ya mkato,
na cha kwendea, kinachoupitisha taratibu
kwenye waya mwingine wenye ukinzani, koili isije ikaungua.
Kwamba njia ya mkato ni nzima,
na iliyokatika ni ile ya kila siku.
Namwambia: "Shika tochi."

Nalala chali chini ya dashibodi, miguu nje kwenye baridi.
Nafuata waya mwekundu wenye mstari wa kijani.
Unaingia gizani nyuma ya kisanduku cha fyuzi,
unatokea umekuwa kahawia.
Gari hili halikuzaliwa na waya wa kahawia hapa.
Napapasa. Kiungo:
shaba imesokotwa kwa vidole,
imefunikwa si kwa tepu,
kwa plasta ya kidonda.

Ithel. Nani mwingine?
Kiangazi kile alinibana kidole kwa mlango huu huu,
akakimbia dukani, akarudi na pakiti nzima.
Kidole kilitumia mbili.
Zilizobaki, kumbe, ziko hapa.

Kaka yangu yuko Comodoro, kwenye visima vya mafuta.
Tangu tulipogawana shamba mbele ya wakili, mwaka wa saba huu,
habari zake huniletea shangazi Morfudd,
zikiwa zimepoa.

Nabandua plasta. Shaba imeota ukungu wa kijani.
Nyuzi tatu tu ndizo zilizokuwa zimebaki zikishikilia,
na usiku wa leo nazo zimekata tamaa.
Nilimwita mzembe? Nilimwita,
kwa Kihispania kwanza, kisha kwa lugha ya bibi, yenye matusi mazito zaidi.
Halafu nikapiga hesabu: miaka ishirini na sita.
Tuone lehemu yangu itafika wapi.

Nakata, namenya, nalehemu. Tepu ya kweli safari hii.
"Jaribu."
Nerys anapanda; miguu haifikii pedali.
Anageuza. Inashika.
Ameng'ang'ania ufunguo, kifundo cheupe.
"Achia," namwambia.
Hataki.
"Achia, mama."

Injini inaendelea.
Anautazama mkono wake, kisha mimi.

Shibiri moja juu kuna kiungo cha pili,
plasta ileile, chafu, kavu.
Nimekipima. Kinapitisha.
Nimekiacha.

Funga mlango wa banda, Nerys. Upande wako ubamize kwa nguvu,
na vidole uvitoe kwanza.