Tofauti ya Elfu Arobaini na Sita

Kamera mbili juu ya kitambaa cheusi,
na mimi, Chizuru Kumagai, mpanga karatasi wa kiwandani,
miaka hamsini na minane, glavu mfukoni.
Nje, mji wa Kushiro unaganda taratibu
kama mafuta ya samaki yaliyosahauliwa sufuriani.

Hii ndogo: yeni elfu hamsini na mbili, na lenzi yake.
Ya wanaoanza, asema Kanae, muuzaji mwenye mafua,
kisha ajirekebisha: ya wanaoanza vizuri.
Nyepesi kama kopo la chakula kilichokwisha kuliwa.
Gurudumu moja tu. Ukitaka kuongeza mwanga
bonyeza hapa, shikilia, zungusha, omba.
Ndani ya kitundu chake cha kuchungulia
dunia ni chumba cha mwisho kabisa wa ujia,
taa imeungua na hakuna aliyekwenda kuibadilisha.

Hii ya kati: elfu tisini na nane.
Magurudumu mawili, la kidole gumba na la shahada.
Maungio yamezibwa kwa mpira, theluji isipate mwanya.
Nilipochungulia nusura nibishe hodi:
ukumbi mpana, weupe hadi pembeni.
Na shata yake, picha saba kwa sekunde,
trrrr,
kama mtu anayechana shuka kwa hasira.

Mshika mawili moja humponyoka.
Nimeshika mbili, na kinachoniponyoka ni hesabu.
Elfu arobaini na sita
ni mafuta ya jiko tangu Januari
hadi barafu ya mtoni ianze kulia.
Ni tiketi ya kwenda Sendai kwa Tomoya, na kurudi.
Ni jino.

Utapiga picha ya nini? aliuliza Kanae.
Korongo, nikasema.
Akaitikia kwa kichwa bila kushangaa;
hapa kwetu kila mtu huishia kwenye korongo.
Sikumweleza kwamba tangu Isamu aondoke
naamka saa kumi alfajiri kufunga chakula cha mtu ambaye hayupo,
na kwamba saa hiyo, mjini kote,
hakuna mwingine aliyesimama ila wao,
mguu mmoja majini, mwingine umefichwa tumboni.

Akaniruhusu nitoke nazo hadi mlangoni.
Nikavaa glavu.
Kwa ile ndogo, kidole kimoja kilibonyeza vitufe viwili
na kioo kikaniuliza kama nataka kufuta kila kitu.
Ile ya kati ilinielewa mara moja,
lakini kifundo cha mkono, kile nilichovunja
kituo cha basi, Februari iliyopita,
kilianza kuhesabu uzito wake kwa sauti.
Nikampiga Kanae picha kwa zote mbili.
Ya kati: picha saba, macho makali, kila unywele wake,
na katika zote saba anasubiri saa ya kufunga duka.
Ndogo: moja, imepinda, ana ukungu mdomoni,
anacheka kwa kuwa nimedondosha glavu.

Nikanunua ile ndogo.
Msinisifu. Sikuchagua kwa busara.

Sasa niko darajani, baridi nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
betri ya akiba kwapani kama yai.
Kushoto kwangu wanaume wenye lenzi ndefu kama mabomba ya jiko.
Mvuke unapanda mtoni, jua linausukuma,
korongo mmoja anainua kichwa, utosi mwekundu,
anafungua mabawa, na mimi
nabonyeza.

Madoa matatu ya kijivu. Tawi. Mvuke, au kidole changu.
Sijui kama kosa ni la kamera au ni langu,
na kutojua huko nakushika vizuri, kwa mikono miwili, kunapasha moto.
Kwa elfu arobaini na sita zaidi
ningekuwa na hakika.