Foleni ya Senga

Mama yake aliligeuza jina la bibi,
Agnes, akalisoma kutoka mkiani: Senga.
Glasgow hufanya hivyo, alinieleza,
huku nikimfunga mpira mkononi, nikitafuta mshipa
ambao bado haujakimbia.

Fomu iliuliza anwani.
"Andika nyuma ya hoteli, chini ya maegesho,
pale bomba linapotema mvuke wa dobi.
Ukinusa shuka safi, umefika."
Kisanduku kilikuwa kidogo. Niliandika: Hana.

Fomu haikuuliza nani hutangulia.
Rab hutangulia, hela ni yake.
Kisha Deke, mwenye hema.
Kisha yule kijana wa Paisley, mwenye ngumi.
Senga wa nne, siku zote wa nne,
sindano ile ile, kijiko kile kile cha mkahawa,
maji ya chupa moja yaliyokwisha kupata rangi ya waridi.
Mwenye nguvu mpishe.
Kumbe hata sakafuni kuna ngazi,
na yeye ndiye kipago cha chini.

Gari letu la sindano safi hufunga saa kumi na moja jioni.
Arosto haina saa. Huja saa tisa usiku, na mvua,
ikidai mifupa kama mwenye deni.

Kikaoni walituonyesha ramani yenye nukta nyekundu.
Mtu mmoja alisema: tabia.
Mwingine, akichovya biskuti: ni uamuzi wao.
Mimi nilizihesabu. Thelathini na moja,
zote umbali wa kutupa jiwe kutoka dobi,
hakuna iliyopanda hata ghorofa ya kwanza.
Maji hufuata mkondo,
na mkondo huu mtu aliuchimba.

Majibu yalirudi Alhamisi.
Sikuwa na mlango wa kubisha. Nilifuata harufu ya shuka.
Aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja ndogo,
akaitia kiatuni, upande usiovuja.
"Rab naye anavyo?"
"Siruhusiwi kusema."
"Basi anavyo."

Nikaanza kumweleza habari za vidonge,
kwamba siku hizi watu wanazeeka navyo.
"Wazee wenye mlango," akasema.
Akanyoosha mkono. "Nipe nne."
Nilimpa kumi, na vijiko, na maji.

Usiku ule, alinisimulia baadaye,
aligawa yeye.
Deke alinung'unika. Rab alitukana.
Alianza na yake.